Yule Daktari Hajanikosea

Mvua ya alasiri Kisumu haibishi hodi. Ilinikuta mtaa wa Manyatta nikitoka kumwona mzazi wa mwanafunzi wangu, nikakimbilia mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Kumbe ni kibanda cha gemu. Viti vya plastiki vimejaa vijana, runinga zimepangwa ukutani, na kishindo cha mabati kimechanganyika na sauti za watangazaji wa mpira hadi aliye kando yako inabidi akusemeshe sikioni.

Runinga zote zilikuwa na kandanda, isipokuwa moja ya pembeni. Hapo aliketi kijana peke yake, koti la bodaboda linachuruzika maji, helmeti kaiweka katikati ya miguu. Kwenye skrini yake kulikuwa na chumba cha upasuaji. Msichana amelazwa mezani, hana fahamu. Daktari mwenye barakoa ameshika kisu kidogo, kajiweka kati ya mgonjwa wake na mwanamume aliyeingia na bunduki.

Mwanamume mwenye bunduki alikuwa chini ya vidole vya yule kijana.

Kijana akaiweka kontrola, kile kifaa cha kuchezea, juu ya paja, akaacha kucheza.

Pale muda unalipiwa, na muda wake ulikuwa unakwenda. Wenzake wakageuka. "Omera, finya!" mmoja akampigia kelele. "Mmalize, tuone mwisho!" Akatikisa kichwa. Akaichukua tena kontrola, akamrudisha yule mwanamume mlangoni, akajaribu kutoka. Mlango haukufunguka. Akajaribu kumpita daktari kwa ubavuni amfikie msichana. Haikuwezekana. Akakaa tu anaitazama runinga, na pesa yake inateketea.

Nilimsogelea nikamuuliza mbona hapigi. Alinitambua, nimemfundisha mdogo wake.

"Yule daktari hajanikosea, mwalimu," alisema. "Yuko kazini kwake. Mimi ndiye nimemwingilia na bunduki."

Baadaye alipiga, kwa sababu gemu haisongi mpaka daktari afe. Akamaliza, hadithi ikaisha, mvua ikapungua, akavaa helmeti akaenda kutafuta abiria.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Nimewasikia wanafunzi wengi wakimhukumu mhusika: huyu ni mlafi, yule ni msaliti, na ushahidi ni huu na ule. Maneno ya kijana yule yalinikaa wiki kadhaa kwa sababu hakuwa anamhukumu mhusika. Alikuwa ndani ya hadithi anajihukumu mwenyewe.

## Tukio moja, mara mbili

Wanaoijua The Last of Us wameshatambua chumba kile. Kwa wengine, kwa ufupi: gemu ilitoka mwaka 2013. Joel, aliyefiwa na binti yake, anamvusha Marekani msichana wa miaka 14 aitwaye Ellie, ambaye maradhi yaliyoiangamiza dunia hayamdhuru. Mwisho wa safari madaktari wanasema wanaweza kutafuta chanjo kwa kumpasua kichwa, na hatapona. Joel anamchagua msichana, dunia ijijue yenyewe.

Mwaka 2023 kituo cha HBO kiliigeuza gemu hiyo kuwa tamthilia ya runinga. Baada ya siku ile ya mvua niliitafuta sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, nikatazama chumba kilekile, daktari na kisu chake. Joel anaingia, na daktari anakwenda chini kabla hujavuta pumzi. Uigizaji ni mzuri sana. Nilimhurumia daktari, nikamwogopa Joel, nikaelewa uchungu wake. Kisha nikazima na kulala vizuri.

Mwandishi wa gemu ni mmoja wa walioiandika tamthilia, tukio ni lilelile.

Lakini mbele ya runinga hakuna aliyenisubiri. Joel alifanya lake nami nikamtazama. Kibandani hakuna kitu kingetokea hadi mtu mwenye jina na mama yake na leseni ya pikipiki akubali kukifanya. Gemu ilisimama ikamngoja. Nimesoma hadithi maisha yangu yote, na hakuna kitabu kilichowahi kufunga ukurasa kikakataa kuendelea mpaka mimi niseme ndiyo, aue.

## Hoja ya Ebert

Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times, mhakiki wa kwanza wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer, aliandika mwaka 2010 kwamba gemu kamwe haziwezi kuwa sanaa. Aliandamwa na umati. Miezi michache baadaye aliandika tena, akasema hakupaswa kuzitolea hukumu gemu ambazo hakuwa amezicheza, ila imani yake ilibaki palepale.

Watetezi wa gemu wamezoea kujibu kwa vyeti. Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya MoMA kule New York yalitangaza mwaka 2012 kwamba yamechukua gemu 14 katika hazina yake, Pac-Man na Tetris zikiwemo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba gemu zinalindwa na uhuru wa kujieleza sawa na vitabu. Vyema. Lakini vyeti havijibu hoja, na hoja ya Ebert ilikuwa na uzito.

Alisema mchezo una kanuni, alama, shabaha na matokeo. Mchezo unaweza kuushinda, na kazi ya sanaa huishindi. Na miaka kadhaa nyuma alikuwa ametoa hoja nyingine ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: sanaa inamtaka msanii ashike usukani. Ukimpa mtazamaji uchaguzi, umempokonya msanii kazi yake.

Kuhusu ushindi, ningempeleka Manyatta. Kijana yule alishinda. Adui wa mwisho alianguka, njia ikafunguka. Wenzake waliokuwa wakimhimiza walirudi kwenye mpira wao bila kumpigia makofi, naye hakuonekana kutaka kupigiwa.

Kuhusu usukani, jibu halikuwa jepesi hivyo. Waandishi wa The Last of Us hawakuuachilia hata kidogo. Mlango haufunguki, daktari hapitiki. Na hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Kama kijana hakuwa na njia nyingine, anajilaumu kwa nini? Mtu aliyesukumwa hana hatia. Huenda nilichokiona ni hila tu: mwandishi anamtwisha mchezaji dhambi aliyoipanga yeye mwenyewe, kisha anaiita sanaa.

Nilizunguka na swali hilo siku nyingi.

## Kidole gumba cha kushoto

Iko gemu nyingine ya mwaka uleule wa 2013, Brothers: A Tale of Two Sons, iliyoongozwa na Josef Fares, mzaliwa wa Lebanon aliyekulia Sweden na kutengeneza filamu kabla ya kuingia kwenye gemu. Ndugu wawili wanakwenda kumtafutia baba yao mgonjwa maji ya uzima. Lugha wanayozungumza ni ya kubuni, huelewi neno hata moja. Huhitaji.

Mkono wako wa kushoto ndio kaka mkubwa, wa kulia ndio mdogo. Kijiti cha kushoto cha kontrola kinamtembeza mmoja, cha kulia mwingine, wakati mmoja. Mwanzoni vidole vinagongana. Unamtuma mkubwa darajani, mdogo anaparamia ukuta. Taratibu mikono inaelewana. Mdogo haogelei, kwa sababu alimwona mama yao akizama, na maji yamemtia hofu. Kila penye mto anampanda kaka yake mgongoni, na wewe unabonyeza kitufe cha kushoto ili mkubwa aogelee na mzigo wake.

Halafu kaka mkubwa anakufa.

Mdogo anamzika. Wewe ndiye unayemburuta hadi kaburini na kusukuma udongo, fungu kwa fungu, kwa mkono wa kulia peke yake. Kidole gumba cha kushoto bado kiko juu ya kijiti. Unakisukuma kwa mazoea. Hakuna kinachotembea. Muda wote kidole kile kilikuwa mtu, sasa ni kidole tu.

Karibu na nyumbani mto umefurika, na hakuna mgongo wa kupanda. Mdogo anasimama ukingoni anatetemeka. Unabonyeza kitufe chake, anakataa. Unabonyeza tena. Kisha mkono wenyewe, bila kuambiwa na maandishi yoyote, unakumbuka kile kitufe cha kushoto. Unakibonyeza, na mtoto anaingia majini.

Siwezi kukisimulia hiki darasani. Nimejaribu, wanafunzi wananitazama kwa adabu. Huzuni yake haiko kwenye maneno wala kwenye picha, iko kwenye kidole cha anayecheza, na aliyeambiwa tu hakioni. Na tazama: humo pia hakuna uchaguzi. Fares ameshika usukani mwanzo hadi mwisho. Kumbe suala la nani kaamua halikuwa ndilo lililonisumbua. Mtu huuza ng'ombe wa marehemu baba yake kwa sababu ada inadaiwa, hana njia nyingine, na bado siku hiyo kamba inapotoka mkononi mwake anakijua alichokifanya. Kijana wa Manyatta hakuwa anadai kwamba aliamua. Alikuwa anasema kwamba alifanya.

## Kikongwe wa Simbi

Walimu wenzangu wa Kiswahili wana jibu la haraka: gemu ni fasihi simulizi tu, kwa kuwa hadhira inashiriki. Fanani anasema paukwa, hadhira inaitikia pakawa, basi ni yaleyale.

Silikubali. Hadhira inaitikia, inaimba kibwagizo, inacheka na kuuliza. Lakini haijawahi kumfukuza mgeni.

Kila mtoto wa huku kwetu ameisikia hadithi ya Simbi Nyaima, ziwa lile la mviringo karibu na Kendu Bay. Palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu wanakunywa na kucheza ngoma, kikongwe mchafu akaja akaomba pa kujisitiri, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia. Kikongwe akamwambia aondoke upesi. Mvua ikashuka, kijiji kikazama na ngoma yake.

Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara huwauliza wanafunzi: wewe ungekuwa nani? Wote ni yule mwanamke mwema. Darasa zima! Hakuna mkono hata mmoja unaonyanyuka kusema mimi ningemfukuza. Na ninapotoka shuleni jioni, pale langoni, mara nyingi kuna mama mzee ameketi na kikombe mbele yake, nao wanampita kundi zima wakizungumza.

Hadithi haiwezi kuwalaumu, wala siwalaumu mimi. Ukiwa msikilizaji unaanza hadithi ukijua kikongwe ni mtihani. Fanani amekwambia kwa sauti yake, kwa kunong'ona pale alipobisha mlango. Waliokuwa ngomani hawakuambiwa. Wao waliona usiku wa kawaida, pombe inakaribia kwisha, wageni wa heshima wameketi, mtoto analia ndani, na hapo mlangoni mtu ananuka.

Ningetaka hadithi itakayomweka mwanafunzi wangu ngomani.

## Mama na muhuri mwekundu

Hadithi ya namna hiyo ipo, ila imewekwa mpakani. Inaitwa Papers, Please, ya Lucas Pope, na yenyewe ni ya mwaka 2013. Picha zake ni duni kwa makusudi, inakwenda hata kwenye kompyuta mkweche kama yangu. Wewe ni mkaguzi wa pasipoti katika nchi ya kubuni, Arstotzka, mwaka 1982. Watu wanakuja dirishani mmoja mmoja. Unalinganisha tarehe, mji, jinsia, picha, lakiri. Unavuta mihuri kutoka pembeni: kijani apite, mwekundu arudi. Unalipwa kwa idadi ya uliowashughulikia. Makosa mawili ya kwanza kwa siku ni onyo. Baada ya hapo unakatwa pesa. Usiku unagawa kilichopatikana: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa.

Mama yangu alivusha maharagwe kutoka Uganda kupitia Busia kwa miaka mingi. Dirisha la mpakani analijua kwa upande wa nje. Likizo iliyopita alinikuta ninacheza, akavuta kiti, nikawa ninamsomea maneno.

"Mpitishe huyo," alisema kwa wa kwanza. "Amechoka, humwoni?" Kwa wa pili hivyo hivyo. Nikampisha, nikampa kipanya.

Alikuwa mkaguzi mwema kwa muda mfupi sana. Mashine ikaanza kuguruma na kutoa karatasi za onyo, moja, ya pili, kisha ya kukatwa mshahara. Usiku ule kwenye orodha ya nyumbani mtoto wa mkaguzi alikuwa anaumwa na dawa haikununulika. Mama akasogea karibu na skrini. Kesho yake akaanza kusoma tarehe kwa kidole.

Halafu akaja mwanamume mmoja, karatasi zake zimekamilika. Anapita, lakini kabla ya kuondoka anaomba: mke wangu yuko nyuma yangu, mfanyie wema. Mke anafika. Hana kibali cha kuingia. Anasema akirudishwa kwao watamuua.

Mama alikaa kimya, mkono juu ya kipanya. Foleni nje ni ndefu, saa ya juu inakwenda. Makosa yake ya siku yalikuwa yameshafika mawili.

Akapiga mwekundu.

Mwanamke akageuka akaondoka. Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso. "Mtoto hajapata dawa," alisema, bila mimi kumuuliza kitu. Alishughulikia wawili watatu wengine, akasimama kwenda kuangalia ugali. Akiwa mlangoni akaniuliza, "Sasa yule wa Busia, yule aliyenirudisha na magunia yangu mwaka ule wa mafuriko, unadhani alikuwa na watoto wangapi?"

Nimeisikia habari ya yule wa Busia tangu utotoni. Sikuwahi kumsikia mama akiuliza swali hilo.

Kama hiyo si kazi ya sanaa, basi sijui sanaa ninayoifundisha inafanya kazi gani. Haikumhubiria. Haikumwambia maofisa ni watu wazuri, na yule wa Busia kwa maoni yangu hakuwa na sababu ya kufanya alichofanya. Ilimkalisha tu kwenye kiti chake, ikampa foleni, ikampa njaa ya nyumbani, ikamwachia mihuri miwili.

## Lakini si unaweza kurudi nyuma?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu ndiye aliyenitia kigugumizi. Nilikuwa nimewaeleza haya yote kwa hamu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, lakini kwenye gemu ukikosea unaanza upya. Kikongwe ukimfukuza, unarudi pale ulipohifadhi mchezo, unamkaribisha. Hatia iko wapi?"

Ni pingamizi kubwa kuliko lote la Ebert. Kifo kinachofutika si kifo. Mama angeweza kuianza siku ile upya, akapunguza makosa ya asubuhi, akabaki na onyo moja la kutumia kwa yule mke. Gemu inaruhusu.

Jibu bora ninalolijua liko kwenye Undertale, aliyoitengeneza Toby Fox na ikatoka mwaka 2015. Mwanzoni kabisa unakutana na Toriel, anayekulea kama mama na hataki uondoke kwake. Wengi wanamuua wakidhani hakuna njia nyingine, kisha wanagundua ilikuwepo. Wanafanya kama alivyosema mwanafunzi wangu: wanarudi walipohifadhi, wanamwacha hai, wanaendelea kwa moyo mweupe. Mbele kidogo wanakutana na ua lenye uso, nalo linawaambia kwamba linajua. Ulimuua, ukajuta, ukarudi nyuma.

Niliposoma maneno yale kwenye skrini nilihisi damu ikinipanda masikioni. Gemu ilikuwa imeweka kumbukumbu ya kitu nilichodhani nimekifuta, kitu ambacho hakimo tena katika hadithi ila ndani yangu. Fox alichukua desturi ya kawaida kabisa, ile ya kuhifadhi na kurudi ambayo wachezaji hawaifikirii hata kidogo, akaitia ndani ya maadili ya hadithi yake. Mwandishi wa kitabu hana kifaa hicho. Msomaji akirudia ukurasa, kitabu hakijui.

## Muda unauzwa vipi

Kuna jambo lingine ambalo sioni likizungumzwa, nalo linatuhusu sisi zaidi kuliko wa New York. Vijana wengi wa Kisumu hawana mashine nyumbani. Wanacheza kibandani, na kibandani muda unauzwa kwa mechi au kwa saa. Mechi ya mpira inakwisha upesi, mshindi anajulikana, mwingine anaingia. The Last of Us inataka kama saa 15. Nani atainunua kwa vipande?

Yule kijana wa bodaboda aliinunua. Mwenye kibanda aliniambia baadaye kwamba alimhifadhia safari yake kwenye mashine moja kwa miezi, akiwakataza wengine wasiifute wanapotafuta nafasi. Kila penye mvua au abiria haba, kijana alikuja kusonga mbele kidogo. Hadithi ndefu inaishi Manyatta kwa hisani ya mtu mmoja. Wazazi wanaopita nje wanaona kibanda cha kupotezea ada, na siwapingi wote, maana nimewafuata huko wanafunzi wangu saa za masomo. Ila wakati mwingine ndani kuna mtu anasoma.

Na hadithi zetu? Mwaka 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake, ambaye ndiye aliyemwingiza kwenye gemu akiwa mtoto. Zau ni mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, akitaka arudishiwe Baba. Unaweza kuicheza wahusika wakizungumza Kiswahili, na sitaki kuficha nilivyofurahi. Kila penye mbuyu Zau anaweza kuketi chini yake na kuyasema yaliyo moyoni, hapo niliguswa. Mapigano yake ni mazuri lakini hayaombolezi. Mikono yangu ilikuwa vitani huku msiba ukiendelea midomoni mwa wahusika, na kwa kipimo nilichokwishakitaja, cha kile kidole gumba, bado nadai. Namdai kwa upendo. Nataka atengeneze nyingine.

## Maabara ya kompyuta

Baada ya lile swali la mwanafunzi niliomba funguo za maabara ya kompyuta siku za vilabu. Tunatumia Twine, programu ya bure aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009. Hakuna picha wala kontrola. Unaandika kipande cha hadithi, unaweka maneno ya kubofya, kila neno linampeleka msomaji kwenye kipande kingine. Ikishapakuliwa haihitaji intaneti, jambo la maana sana hapa kwetu.

Wanaandika Simbi Nyaima. Mchezaji ni mwenye nyumba, siku ya ngoma.

Nasaha yangu ilikuwa moja: asijue kwamba anajaribiwa. Mengine wanagombana wenyewe. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kikongwe mwenye macho yanayong'aa. Msichana mmoja akayafuta, akasema mzee wa macho hayo hata mwizi angemkaribisha. Kijana mwingine akaamua kikongwe aje wakati mchezaji amebeba chungu cha pombe kwa mikono miwili na mjomba wake anamwita kwa jina mbele ya wageni. Kulikuwa na ubishi mrefu kuhusu maji: mchezaji akimfukuza, mvua ianze lini? Wengi walitaka papo hapo. Walioshinda walisema hapana, ngoma iendelee, tena iwe tamu, asifiwe, acheze, asahau.

Kilichobaki ni mshale. Twine inaweka pembeni mwa skrini mshale wa kumrudisha mchezaji hatua moja nyuma. Nusu ya darasa wanataka uondolewe, kwa hoja kwamba wa Simbi hawakupewa. Yule aliyeniuliza kuhusu hatia anataka ubaki. Ameandika kipande chake mwenyewe: mchezaji akirudi na safari hii akamfungulia kikongwe, kikongwe anaingia, anaketi karibu na moto, anapokea chakula, kisha anasema, "Mara ya kwanza ulinifukuza."

Wameshindwa kuafikiana, kwa hiyo tutakuwa na nakala mbili. Wanafunzi wa madarasa ya chini wakirudi kutoka likizo fupi watazicheza zote, mmoja mmoja, bila kuambiwa ni hadithi gani.